Mgongo wa Mama

Mama yangu alikuja kunitazama karibu kila mechi ya tenisi niliyocheza Songea, na kila mara alikaa akiupa uwanja mgongo. Naandika "kunitazama" kwa sababu ndivyo alivyowaaga majirani zetu wa Lizaboni: "Nakwenda kumtazama mwanangu." Anachukua kigoda, ungo na mahindi ya kupukuchua, anafika, anakaa mahali pake, uso kauelekeza barabarani. Aliyetaka kumsalimia ilibidi azunguke.

Nimekuwa bingwa wa wanawake wa nchi hii zaidi ya mara moja. Watu wa redio wanaokuja kunihoji huuliza habari za makombe, mazoezi, na kama tenisi ni mchezo wa matajiri. Hilo la mwisho hunipandisha hasira, maana mimi nilianza na raketi iliyokatwa kwenye mlango mbovu. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilikuwa nataka nini miaka yote ile. Nilikuwa nataka mama ageuke. Basi.

Mlango mbovu ulikuwa wa stoo ya shule yetu ya msingi pale Majengo. Mwalimu wetu wa michezo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, aliukata vipande vyenye mpini, akatugawia mipira iliyochakaa na kutuambia tupige ukutani. Ukuta uliokuwa huru ni wa choo cha walimu. Mwalimu akiwa ndani tulipiga kwa bidii zaidi. Nilikuwa hodari kuliko wavulana, na hapo nasema ukweli, sijisifu. Mwalimu akanipeleka kwenye uwanja wenyewe.

Uwanja ule ulijengwa zamani kwa ajili ya maofisa wa serikali. Ni wa udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa. Kiangazi humwagiwa maji asubuhi, ukikauka kidogo hufagiwa, ndipo mistari huchorwa kwa chokaa. Masika huwa matope matupu, nasi tunakwenda shamba kama watu wengine. Ubavuni kuna miti ya kivuli na mabenchi ya watazamaji. Mwisho wa uwanja, upande wa barabarani, kuna uzio wa matete unaompita mtu kimo, na katikati yake kuna pengo la kutokea kwenda kuokota mipira.

Mama alikaa kwenye pengo hilo, nje kidogo. Waliokaa kwenye mabenchi hawakumwona, matete yaliwazuia. Aliyeweza kumwona vizuri ni mchezaji aliye upande wa pili, ng'ambo ya wavu. Nikiwa huko, kila nilipoinua macho, nyuma ya mpinzani wangu palikuwa na mgongo wa mama, kilemba chake, na kiwiko kikienda na kurudi juu ya ungo. Tukibadilishana pande, mama alibaki nyuma yangu, nami nikawa simwoni.

Mgongo ule ulianza siku nilipovaa sketi fupi ya kuchezea. Mama alikuwa mjane tangu nikiwa mdogo, mkulima wa mahindi mwenye shamba lake njia ya Namtumbo, mama wa jumuiya asiyekosa misa, na hakuwa na muda wa upuuzi. Aliitazama ile sketi kwa muda mrefu.

"Sikukuzaa uje kuonyesha mapaja kwa watu wazima," alisema.

"Ndiyo kanuni, mama. Bila sketi hii sichezi."

"Kanuni ya nani?"

Sikujua ni ya nani. Nikajibu kwa hasira kwamba kama hataki kuona basi asitazame. Naye akajibu, kwa hasira ileile, kwamba hatatazama. Sisi wawili ni moto na petroli, hilo ukoo mzima unalijua. Siku ya mechi alikuja kweli, akakaa, akanipa mgongo. Nikadhani yataisha baada ya wiki. Hayakuisha.

Makofi yalipolia alikuwa anamuuliza yeyote apitaye barabarani, "Makofi ya nani hayo?" Mpita njia wa watu ilibidi achungulie kwenye pengo na kuleta jibu. Mechi ikiisha tunatembea kurudi nyumbani.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Haya, beba ungo."

Ubingwa wangu wa kwanza wa taifa nilirudi nao kutoka Dar es Salaam na kombe pamoja na pasi ya umeme. Pasi aliisifia siku nzima. Kombe aliligeuza huku na huku, akapima kina chake kwa mkono, akalijaza mbegu za karanga na kuliweka jikoni juu, panya wasifike. Niliumia sana. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa sekondari mwenye darasa lake, na nilikwenda kulia chooni kwa sababu ya karanga.

Kuna siku nilishindwa kuvumilia. Nilikuwa upande wa mbali, nauona mgongo wake, na ninashinda bila jasho. Nikaupiga mpira juu makusudi, ukavuka kila kitu na kumgonga begani. Mama aliacha mahindi, akaupapasa mpira chini, akaurusha kinyumenyume kupitia juu ya bega lake bila kugeuza hata shingo. Ulidunda ndani ya mistari. Mwamuzi alicheka mpaka akasimamisha mchezo. Mimi sikucheka.

Sasa nimlete mtani wangu. Mpinzani wangu mkubwa katika maisha alikuwa Mhehe wa Iringa, mwanamke wa rika langu, mfupi, anayecheza kwa mkono wa kushoto, mwenye mdomo usio na breki. Mwaka mmoja wao walikuja kwetu kucheza, mwaka uliofuata sisi tulikwenda kwao. Wangoni na Wahehe, babu zetu waliuana mpaka wakachoka, wakabaki kutaniana na kuzikana. Basi alipotia tu mguu uwanjani, watu wetu, wanaowatania Wahehe kwamba hula mbwa, walipiga kelele, "Fungeni mbwa, Mhehe kafika!" Naye hakukosa jibu: "Nyie mmekuja mnakimbia toka huko kusini mpaka pumzi zikawaishia hapa Songea. Leo nawakimbiza tena, tuone mtaishia wapi!"

Tulifungana kwa zamu. Akinifunga sikulala vizuri, nikimfunga alinipigia simu wiki nzima kutafuta visingizio. Mama, ambaye hakuwajali wapinzani wangu wengine, huyu alimpenda. Mechi ikiisha alimleta nyumbani kula, akimwekea paja la kuku kabla yangu.

"Kula kuku, mtani, usahau zile nyama zenu."

"Mama, kuku wenyewe mmeiba kwa nani? Wangoni hamfugi, mnateka."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikaa pembeni na shingo ya kuku, nikiwaza kwamba mgeni anapata uso wa mama na mimi mwenye mama napata mgongo.

Mama alifariki mwezi wa saba, kwenye baridi kali, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Alianza na kikohozi, akakataa kwenda hospitali mpaka amalize kuvuna, na alipokubali tulikuwa tumechelewa. Ubingwa wa taifa ulikuwa wiki mbili mbele. Nilikuwa nimejiandaa kuliko mwaka wowote, na umri ulikuwa unanikimbia. Yote yakafutika. Niliketi kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nimefungwa kitambaa cheusi mkononi, na jambo moja likizunguka kichwani: amekwenda bila kuniona nikicheza. Nikaamua nimeacha tenisi. Sikumwambia mtu, maana hakuna aliyeuliza. Mila yenyewe ilikuwa imeshaamua: binti wa marehemu hatoki kwenda kwenye michezo kabla ya arobaini.

Asubuhi ya maziko mtani alishuka kutoka kwenye basi la Iringa. Hakuja kwangu kunipa pole. Alipita moja kwa moja chumbani kwa mama, na aliyekuwepo hakumzuia, kwa sababu mtani msibani hazuiwi. Alitoka amevaa kanga za mama, kilemba cha mama na buti za mama za shambani, ameshika kigoda na ungo.

Kwa asiyejua, msibani mtani ana kazi yake. Humwigiza marehemu, akatembea kama yeye na kusema kama yeye, ili waliofiwa wacheke na machozi yao yapumzike. Anaweza kulala kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Hakasirikiwi. Nimeandika hakasirikiwi, lakini mimi nilikasirika.

Makaburini, kabla padri hajaanza, mtani alitenga kigoda, akakaa akilipa kaburi mgongo. Watu walielewa mara moja. Kicheko kilianzia kwa akina mama wa jumuiya, kikaenea hadi kwa wanaume walioshika majembe. Akapukuchua mahindi yasiyokuwepo. Akauliza kwa sauti ya mama kabisa, "Makofi ya nani hayo?" Hata mimi nilitabasamu, nakiri.

Kisha akaongeza kitu. Aliacha kupukuchua, akaangalia kushoto na kulia kama mwizi, akageuka polepole, akanitazama. Alinikodolea macho, mdomo wazi, mikono miwili imeubana ungo kifuani. Kisha ghafla akarudisha mgongo na kuanza tena kupukuchua kwa kasi, kama mtu ambaye hakufanya kitu. Watu walivunjika mbavu. Akarudia. Wakacheka zaidi.

Damu ilinipanda. Mama hakugeuka hata siku moja. Mgongo ule niliujua kuliko nilivyojua viganja vyangu, na huyu alikuwa anauchezea, anaupamba na uongo mbele ya jeneza. Nilitaka kumvua kile kilemba. Shangazi alinishika mkono akaninong'oneza, "Mwache, ni mtani."

Tuliporudi nyumbani mambo yakawa mabaya zaidi. Mtani aliingia chumbani kwangu, akatoka na raketi yangu ndani ya mfuko wake. Mfuko ule aliushona mama kwa kipande cha kitenge, tena bila kuombwa, siku moja tu niliukuta kitandani. Mtani alipita nao katikati ya waombolezaji akiwa ameuinua juu.

"Huyu bibi amenisumbua, nimemzika kwa tabu. Nachukua fidia yangu!"

Baba mkubwa, kaka yake marehemu baba na mkuu wa ukoo, alitoa kuku, kama ilivyo desturi. Mtani akamkataa kuku. Baba mkubwa akaongeza wa pili. Akakataa.

"Mwenye raketi aje aikomboe mwenyewe. Mimi nipo Dar es Salaam, wiki mbili zijazo, uwanjani."

Akapanda bodaboda kuelekea stendi, mfuko wa kitenge mgongoni. Nilimfuata mpaka barabarani nikimtukana, na watu walifurahi wakidhani natania.

Jioni hiyo, kabla giza halijaingia, nilikwenda kwa baba mkubwa na kumwamkia.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mtumieni mtu Iringa akaniletee mfuko wangu. Raketi abaki nayo. Nataka mfuko alioshona mama."

Alikuna kidevu. "Cha mtani hakinyang'anywi, mwanangu. Kinafuatwa, kinakombolewa."

Shangazi akadakia, "Anatokaje? Arobaini bado! Aonekane akirukaruka na sketi na kaburi la mama yake halijakauka?"

Baba mkubwa alifikiri. Si mtu wa haraka, huweza kufikiri mpaka chai ikapoa.

"Kwenda kucheza, hatoki," alisema mwishoni. "Kwenda kukomboa, anatoka. Hakuna arobaini inayozuia kukomboa. Sasa akifika huko, huyo Mhehe akimwambia komboa kwa kucheza, atafanyaje? Ndiyo sharti la mtani." Akamgeukia shangazi. "Mtafutie jogoo wa kwenda naye."

Ndivyo nilivyokwenda kwenye ubingwa wa taifa: nina kitambaa cheusi mkononi, sina raketi, na nina jogoo ndani ya tenga. Jogoo alisafiri vizuri kuliko mimi. Wakati abiria wamelala alikaa macho akiangalia barabara. Mlinzi wa getini pale kwenye klabu ya tenisi alikataa katakata asiingie, nikamwambia kwamba bila jogoo hakuna mechi, aite mkubwa wake. Mkubwa wake akaja, kumbe ni mtu wa Mbinga, wa mkoa wetu, akaelewa bila kuelezwa. Tukapita.

Mtani alikuwa amekaa chini ya kivuli, mfuko wa kitenge magotini. Aliponiona na tenga alitaka kucheka. Nilimwahi.

"Jogoo wako huyu hapa. Nipe changu. Na nikwambie, kumwigiza mama ni haki yako, lakini kumzulia si haki yako. Mama hakugeuka kunitazama hata siku moja. Uongo wako umeniuma kuliko kifo chenyewe."

Aliufunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amefunga mdomo akiwa macho.

"We Mngoni," alisema taratibu, "kumbe hukuwa unajua?"

"Nijue nini?"

"Kaa chini."

Sikukaa. Akaendelea tu.

"Ukiwa upande ule wa matete, wewe unanitazama mimi, mama yako yuko nyuma yako. Ukirusha mpira juu uanzishe, yeye huyo, kashageuka. Kaacha mahindi, kaubana ungo kifuani. Anakutazama mpaka pointi iishe. Tukibadilishana pande tu, anarudisha mgongo chapuchapu, kama mtoto aliyefumwa analamba sukari. Miaka yote, Mngoni. Kila mechi niliyocheza kwenu."

"Mbona hujaniambia?"

"Siku ya kwanza nilitaka kukwambia. Akaona kwamba nimemwona. Akaniwekea kidole mdomoni, hivi." Akaweka chake. "Mtani wangu mzee ananiomba siri, niitoe? Nimekaa nayo mpaka kaburini kwake. Pale nikaona nisipoisema leo nitaisemea wapi. Nikaisema. Wewe ukaninunia."

"Na wengine niliocheza nao? Hawakumwona?"

"Wengine wanatazama mpira. Ndiyo maana unawafunga."

Nilikaa. Nilikaa palepale chini, pembeni ya jogoo, nikalia kwa sauti mbele ya watu wa klabu waliovaa nyeupe tupu. Mtani hakunibembeleza. Alinivalisha mfuko begani, akachukua tenga lake, akaenda kumtafutia jogoo maji. Sikuwa na haja ya kumuuliza kwa nini mama aliificha. Aliapa kwa hasira kwamba hatatazama, na mtu wa ukoo wetu akishaapa kwa hasira hana mlango wa kurudia. Mimi ndivyo nilivyo, nilirithi kwake.

Tulikutana fainali, yeye na mimi, kama kila mtu alivyotarajia. Ubingwa ule niliuchukua, na kombe lake lipo jikoni kwangu Lizaboni, lina mbegu za karanga. Siku hizi nafundisha watoto kwenye uwanja uleule wa kichuguu. Mtani huja mara mojamoja, magoti yake yameharibika lakini mdomo ni mzima. Matete tumeshayabadilisha mara nyingi. Pengo tumeliacha.

Ila pointi ya mwisho ya fainali ile naikumbuka kuliko makombe yote. Nilikuwa naongoza, mpira wa kuanzisha ni wangu, na nyuma yangu palikuwa na uzio wa klabu, ukuta wa turubai la kijani na kamlango kadogo. Nilidundisha mpira, nikainua macho. Mtani, ng'ambo ya wavu, hakuwa ananitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kule kwenye kamlango, akatabasamu, akaweka kidole mdomoni.

Watazamaji wakadhani anawaomba wanyamaze. Wakanyamaza.

Sikugeuka. Kama ningegeuka, na mama angegeuka. Nilirusha mpira juu, nikapiga.